Mtoto wa Mbangua Korosho na Mlango wa Uhandisi wa Kilimo

Mtihani wa taifa wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, Novemba ni mwezi wa korosho. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, na Mei ndipo ufuta unapoanza kukatwa. Siamini kwamba yupo mtu aliyekaa mezani akaipanga ratiba hiyo kwa nia mbaya. Ilipangwa tu bila mkulima wa kusini kuulizwa, naye mkulima hana namna ya kuuambia mkorosho usubiri. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa Mnero au Mbekenyera huingia chumba cha mtihani akiwa na vidole vyenye madoa ya utomvu wa mabibo, na usingizi wa mtu aliyeamka kabla ya jua kuokota.

Naanza na kalenda kwa sababu jambo ninalotaka kulizungumza leo huzungumzwa kana kwamba ni suala la vipaji. Tunajiuliza kwa nini vijana wa mikoa fulani, na hasa wasichana, hawaonekani katika madarasa ya uhandisi wa kilimo. Majibu yanayotolewa haraka ni kwamba hawapendi hesabu, au wazazi wao hawathamini shule, au mila zimewashika. Ni majibu mepesi, na uzuri wake kwetu sisi tunaoyatoa ni kwamba hayatudai chochote.

Mimi si mhandisi. Nafundisha somo la maendeleo, ambalo wanafunzi wa fani zote hulazimika kulisoma, wakiwamo wa uhandisi wa kilimo. Kila mwaka, katika kipindi cha kwanza, huwaomba wanafunzi waseme wametoka wapi na wazazi wao wanalima nini. Ni zoezi la kufahamiana tu, lakini limenifundisha mengi. Waliowahi kunijibu kwamba wametoka Nachingwea au Ruangwa na wanasomea uhandisi, naweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vikabaki. Msichana alikuwa mmoja. Hiyo si takwimu ya taifa, wala sitaki ichukuliwe hivyo. Ni ushuhuda wa mtu aliyesimama mbele ya darasa kwa miaka kadhaa.

Ajabu ni kwamba kama kuna sehemu ya nchi hii inayostahili kuitwa kitabu cha mafunzo cha uhandisi wa kilimo, basi ni hiyo. Mwaka 1946 wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield walizunguka Tanganyika kwa wiki chache, wakaishauri serikali ya Uingereza kwamba mamilioni ya ekari yangeweza kulimwa karanga kwa mitambo. Kazi ikaanza 1947 huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa bandari ya Mtwara, na reli ikapandishwa bara. Kufikia Januari 1951 mpango ulikuwa umeachwa, na pauni zipatazo milioni 36 za walipakodi wa Uingereza zilikuwa zimekwenda na maji. Reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilichobaki ni majina ya mashamba yaliyopewa namba, kama Farm 17, ambalo baadaye likapata heshima nyingine kabisa pale wapigania uhuru wa FRELIMO walipopiga kambi Nachingwea.

Mradi wa karanga haukufa kwa kukosa mashine. Mashine zilikuwapo tele, nyingi zikiwa masalio ya Vita Kuu ya Pili. Ulikufa kwa sababu watu waliojua udongo, mvua na visiki vya mahali pale hawakuwa miongoni mwa waliochora mipango. Walikuwa vibarua na, kwa waliobahatika, madereva wa trekta. Mwenye ujuzi wa ardhi alipewa jembe na usukani, na kalamu ikabaki kwa mgeni.

Baadaye tukawa taifa huru, nasi tukarudia kosa hilohilo kwa mkono wetu wenyewe. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulikopa Benki ya Dunia tukajenga viwanda vya kubangua korosho, kimojawapo Nachingwea. Vingi vilifanya kazi kidogo au havikufanya kabisa, vikabinafsishwa, vikageuka maghala. Sababu zilikuwa nyingi: uzalishaji wa korosho ulishuka vibaya, bei na masoko viliyumba, na mitambo ilidai vipuri na ujuzi ambao haukuwa karibu. Sisemi kwamba wahandisi kumi wa Kimwera wangeokoa viwanda vyote. Nasema kwamba mara mbili, kwa gharama kubwa, tumepeleka mashine mahali ambapo hatukujishughulisha kuandaa watu wa kuzifikiria.

Hebu tuziangalie kazi zenyewe, maana hoja yangu imo humo.

Mkorosho hushambuliwa na ubwiri unga, na dawa yake ya kawaida ni salfa ya unga inayopulizwa kwa mashine ya kubebwa mgongoni. Mashine hiyo, ikijazwa mafuta na salfa, ni mzigo wa mwanamume mwenye nguvu. Mjane mwenye mikorosho arobaini haibebi. Humlipa kijana ampulizie, na kijana huja siku anayotaka yeye, si siku ugonjwa unapodai. Kwa hiyo uzito wa mashine, jambo ambalo mchoraji wake huenda hakulifikiria hata dakika moja, unaamua mavuno ya mwanamke na ada ya mtoto wake.

Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Wanaobangua kwa mkono ni wanawake kwa sehemu kubwa, na wengi hujikinga kwa majivu au mafuta ya kupikia. Mashine za kubangulia zipo, lakini korosho hazilingani ukubwa, na mashine isiyopangwa vizuri huvunja kokwa, na kokwa iliyovunjika hushuka bei. Mama mmoja nje kidogo ya mji wa Ruangwa alinionyesha jinsi anavyopanga korosho kwa ukubwa kabla ya kuzigusa kwa kifaa chake, kwa macho tu, haraka kuliko nilivyoweza kufuata. Nilimuuliza alijifunza wapi. "Mwalimu, mkono ukiungua mara tatu unajifunza wenyewe," akanijibu.

Ufuta hukatwa, hufungwa matita, husimamishwa ukauke, kisha hukung'utwa juu ya turubai. Vifuko vyake hupasuka vyenyewe, hivyo siku mbili za kuchelewa au upepo mmoja wa jioni ni kilo kadhaa ardhini. Ukichanganyika na mchanga, bei ghalani inashuka. Nayo mabibo, ambayo kwa uzito huzidi korosho mara kadhaa, huozea chini ya miti kila msimu, isipokuwa yale yanayogeuzwa uraka.

Haya yote ni matatizo ya uhandisi wa kilimo: uzito na urari wa mashine, upangaji wa ukubwa, ukaushaji, upotevu wa mavuno, usindikaji. Anayeyajua kwa undani ni binti wa mama yule. Anayeweza kuyapeleka karakana akayageuza kuwa mchoro ni mwanafunzi wa uhandisi. Kazi yetu sisi wa vyuo ilipaswa kuwa kuwafanya watu hao wawili wawe mtu mmoja. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, nasi tumekuwa tukiagiza fimbo za mbali tangu 1947.

Tutazame sasa njia ambayo binti huyo angepaswa kuipita. Mlango mkuu wa shahada ya uhandisi ni Fizikia na Hisabati za kidato cha sita. Ili azisome huko lazima azifaulu kidato cha nne, na ili azifaulu lazima awe na mwalimu. Uhaba wa walimu wa masomo hayo mawili ni wa nchi nzima, lakini hauumi sawa kila mahali. Shule ya kata iliyo mbali na barabara ya lami humpokea mwalimu wa Fizikia kwa shangwe Januari, na Juni hujikuta ikimwandikia barua ya uhamisho. Binti akiupenda ukulima na akapangiwa mchepuo wa Kemia, Baiolojia na Kilimo, atadhani yuko njiani kuelekea uhandisi wa kilimo. Hayuko. Neno "kilimo" limo katika mchepuo wake, lakini mlango wa uhandisi haulitambui, na aghalabu hakuna aliyemweleza hilo akiwa kidato cha nne, wakati lilipokuwa na maana.

Ipo njia ya pili, ya VETA na vyuo vya kilimo, kupitia cheti na stashahada hadi shahada. Kwenye karatasi ngazi hiyo ipo. Lakini vipandio vyake vimeachana mno. Fundi hodari aliyemaliza VETA, anayeweza kufungua na kufunga injini ya pawatila akiwa amefumba macho, hukwama kwa sababu ya ufaulu wa kidato cha nne, ule wa Novemba ya korosho. Na juu ya yote iko lugha. Mtoto aliyejifunza kufikiri kwa Kiswahili, na nyumbani kwa Kimwera au Kimakua, hupimwa uelewa wake wa nguvu na mwendo kwa Kiingereza ambacho mwalimu wake mwenyewe hukiongea kwa taabu. Tunasema ameshindwa Fizikia. Huenda Fizikia hakuulizwa kabisa.

Hapa sina budi kusema jambo langu mwenyewe, maana si haki kunyoshea wengine kidole nikajificha nyuma ya kalamu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ndogo katika chuo kimoja, iliyoshughulikia wanafunzi waliochelewa kuripoti. Miongoni mwao alikuwa msichana kutoka mojawapo ya wilaya hizi mbili, aliyepita njia ya stashahada. Alichelewa kwa wiki tatu. Barua yake ilikuwa fupi: malipo ya korosho ya familia hayakuwa yametoka, na mkopo wa nauli alioutarajia kwa mjomba haukupatikana. Tulijadili kesi yake kwa muda mfupi kuliko tulivyojadili chai. Mmoja wetu akasema tukimruhusu huyu tutaruhusu wote. Nikatia saini pamoja na wenzangu. Nilijua kuhusu kuchelewa kwa malipo ya korosho. Nilikuwa nimetoka kulifundisha darasani wiki ileile kama mfano wa udhaifu wa masoko ya mazao. Sikuunganisha vitu hivyo viwili hadi nilipokuwa nyumbani usiku, na asubuhi yake sikufanya lolote. Sijui aliko. Kila nikisoma taarifa zinazohimiza ushiriki wa wasichana katika sayansi, naikumbuka saini yangu.

Nasimulia hilo kwa sababu linaonyesha jinsi kutengwa kunavyofanyika. Hakukuwa na mtu aliyemchukia. Kulikuwa na kanuni iliyoandikwa kwa kumfikiria mwanafunzi ambaye mzazi wake hupokea mshahara tarehe inayojulikana, na kulikuwa na watu wazima wenye elimu walioona kanuni kuwa rahisi kuliko kufikiri.

Wapo watakaopinga. Hoja ya kwanza ni kwamba tukiwapendelea tutashusha kiwango, na mhandisi dhaifu ni hatari. Nakubaliana na nusu ya pili ya hoja hiyo. Ndiyo maana sipendekezi mtu apewe shahada asiyoistahili. Kinachozungumzwa ni mlango wa kuingilia, si wa kutokea. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimewahi kuendesha mafunzo ya awali kwa wasichana waliokaribia kufikia alama za kujiunga na sayansi na uhandisi: walifundishwa, wakapimwa, na waliofaulu wakaingia kukaa mtihani uleule na wenzao. Huko si kushusha kiwango, ni kumlipa mwanafunzi deni la mwalimu ambaye hakumpata.

Hoja ya pili ni kwamba kuhesabu watu kwa wilaya ni kurudisha ukanda. Wanaosema hivyo wanasahau historia yetu. Nchi hii ilitumia mgawo wa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa, kwa sababu elimu ya misheni na ya mkoloni ilikuwa imeacha baadhi ya mikoa mbele na mingine nyuma. Azimio la Musoma la 1974 lilipomtaka kila mwombaji wa chuo kikuu afanye kazi kwanza, idadi ya wasichana ilishuka, na serikali haikuona haya kulegeza sharti hilo kwa ajili yao. Ukanda ni kuwapa watu wa kwenu kisicho chao. Kurekebisha urari ni jambo jingine, na umoja wa taifa hili ulijengwa kwa sehemu juu ya jambo hilo.

Hoja ya tatu ni ya fedha, nayo ni ya kweli. Lakini fedha ya kusini ipo, tena inapita mbele ya macho yetu. Mwaka 2018 wabunge wa kusini walisimama kidete bungeni kutetea asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje iendelee kurudi kwenye maendeleo ya zao hilo. Tulisikia kuhusu salfa, magunia na madeni, na ilikuwa haki yao kupaza sauti. Sikumbuki kusikia mtu akiuliza ni kiasi gani kingesomesha mtoto wa mkulima awe mhandisi wa zao hilo.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, yote yanawezekana bila kusubiri sera mpya.

Kwanza, halmashauri za Nachingwea na Ruangwa zitenge sehemu ndogo, inayojulikana na kutangazwa, ya ushuru wa mazao kwa ajili ya kambi za Fizikia na Hisabati. Ushuru huo hutozwa kwa kufuata thamani ya mazao ya biashara. Sehemu ndogo tu ya hiyo inatosha kumlipa mwalimu wa muda na kumlisha mwanafunzi. Kambi ziwe Agosti na Septemba, kabla korosho haijapamba moto, na nusu ya nafasi ziwe za wasichana. Wanafunzi wenye ulemavu watafutwe mmoja mmoja, maana hawa hawaji wenyewe pale ambapo hawajawahi kukaribishwa.

Pili, vyuo vyenye shahada hii, kikiwamo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, viandike kanuni ya kuchelewa kuripoti inayotambua misimu ya mazao, na vitenge nafasi za wanaotoka VETA na vyuo vya kilimo, zikiambatana na muhula wa maandalizi wa hesabu. Tangu 2023 mikopo ya serikali imeanza kuwafikia baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Afisa elimu wa kata na katibu wa chama cha msingi wahakikishe habari hiyo inafika kijijini, kwa sababu mkulima ambaye hakuwahi kufika ofisi ya elimu hufika ghalani kila msimu.

Tatu, mkondo wa amali ulioanza 2024 katika shule za sekondari usiwe chumba cha kuwahifadhi walioshindwa. Ukipewa mwalimu wa Fizikia na karakana ya kweli, shule moja ya amali Nachingwea inaweza kuanza na tatizo la turubai la ufuta au uzito wa mashine ya salfa, ikafundisha nguzo za sayansi kutokea hapo.

Nne, na hili nawaambia wenzangu wa vyuoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi Lindi chini ya mradi wa HEET. Ni habari njema, na nimeisherehekea. Lakini nimeona majengo ya elimu yakisimama katikati ya watu ambao uhusiano wao na majengo hayo ni kuuza chakula langoni. Tuamue mapema, kabla rangi haijakauka, ni wanafunzi wangapi wa mkoa wenyewe tunakusudia kuwaandaa kuingia, na tutawaambia wananchi kila mwaka tumefikia wapi. Lengo lisilotangazwa halimdai mtu.

Ndugu zangu wanafunzi mnaosoma haya, nanyi mna sehemu. Likizo ijayo, aliyeko Lindi na Mtwara aende shule aliyosoma, aombe dakika arobaini kwa mkuu wa shule, na awaeleze watoto wa kidato cha pili mchepuo gani unafungua mlango gani. Haigharimu kitu. Mimi nitafanya hivyo katika shule mbili za Ruangwa na moja ya Nachingwea, na nitaandika hapa niliyoyakuta. Watumishi wa halmashauri mnaosoma kimyakimya, kama mnavyoniandikia kwa siri, leteni bajeti ya ushuru tuione.

Nilipokuwa naagana na yule mama mbangua korosho, binti yake wa kidato cha tatu alinisindikiza hadi barabarani. Aliniuliza kama ni kweli kuna watu wanaosomea kutengeneza mashine za korosho chuo kikuu. Nikamwambia wapo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mbona hawajaja kumuuliza mama?"